Mashine ya vumbi na jirani wa ukuta mmoja



Juma hili tunapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaliona dogo, nalo ni kelele za mashine ya kufyonza vumbi la mbao katika karakana iliyomo ndani ya nyumba ya kuishi. Tunalileta kwenu kwa sababu familia nyingi za Kiislamu hutafuta rizki ya halali uani mwao. Huyu ana cherehani, yule anachomelea vyuma, mwingine ni seremala. Pale ambapo kazi na makazi vimekaa chini ya paa moja, haki za watu hukutana, na mara nyingine hugongana. Yaliyotufika sisi wenyewe tumeona tuyaeleze bila kuficha, huenda yakamfaa mwenye nyumba mwingine.

Nyumba yetu iko Ngamiani, Tanga, katika mtaa wa nyumba za Kiswahili zilizoshikana, ambako ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule. Kijana wetu mkubwa amejifunza useremala, na kwa miaka kadhaa sasa anatengeneza vitanda, makabati na milango huko uani, chini ya kipaa cha bati. Mbao zake nyingi ni za mninga na msaji, na akibahatika hupata mvule. Ni kazi ya heshima, nasi tunamwombea baraka ndani yake. Lakini kila ubao unapopita kwenye msumeno hutoa vumbi, na vumbi lile halikukubali kubaki uani. Lilitua juu ya vyombo jikoni, likashika nguo zilizoanikwa, likaingia vyumbani kwa mlango na dirisha. Mdogo wetu wa mwisho, mwenye umri wa miaka sita, ana pumu. Usiku wake ulikuwa wa kukohoa, na usiku wetu ulikuwa wa kuhesabu pumzi zake.

Vumbi la mbao si uchafu wa kufagia tu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, ambalo ni chombo cha Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao mwaka 1995 katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa saratani ya pua na matundu yanayoizunguka. Vumbi la mvule na la mninga linajulikana pia kwa kuwasha pua na kubana vifua vya baadhi ya watu. Maranda makubwa unayoyaona sakafuni hayana hatari sana, kwa kuwa huanguka na kufagiwa. Chembe zinazodhuru zaidi ni zile zilizo chini ya mikroni 10, ndogo mara kadhaa kuliko unene wa unywele, ambazo huelea hewani kwa muda mrefu na kushuka hadi ndani ya mapafu.

Kwa hiyo tuliuza mbuzi wawili, kijana akaongeza akiba yake, tukanunua mashine ya kufyonza vumbi iliyokwisha kutumika. Ni mota ya nguvu farasi 2 inayozungusha feni, yenye bomba la inchi 4 linalokwenda kwenye msumeno na mfuko wa kukusanyia maranda. Kwa kuwa uani hakuna nafasi, fundi aliyetufungia aliiweka juu ya mabano ya chuma, akayakaza kwa bolti kwenye ukuta. Vumbi likapungua sana, na kikohozi cha mtoto kikatulia. Tukasema alhamdulillah, tukadhani mambo yamekwisha.

Kitanda kilichohamishwa

Jirani yetu wa ukuta ule ni bibi mtu mzima, mjane, anayeishi na mjukuu wake wa kike. Siku moja tulisikia kwamba miguu yake imevimba, tukaenda kumjulia hali. Tulipopiga hodi na kukaribishwa, tulimkuta amelala ukumbini, katikati ya njia, kitanda chake kimebanwa kati ya mtungi na kabati.

"Shikamoo, Bibi. Mbona umelala huku?"

"Marahaba, wanangu. Huku kuna upepo."

Mjukuu wake, mwenye ulimi mwepesi kama watoto wote wa umri wake, akasema, "Chumbani ukuta unanguruma. Bibi halali tena mchana."

Bibi akamkemea kwa jicho, kisha akacheka. Tukaona haya, tukamwuliza kwa nini hakutuambia. Akajibu kwa upole, "Zamani nilikuwa namsikia mwanenu akikohoa usiku kucha. Tangu mashine ije simsikii. Nikasema, kheri nisilale mimi mchana kuliko asilale yeye usiku."

Tulirudi nyumbani kimya. Kila Mwislamu anajua jinsi dini yetu ilivyoikuza haki ya jirani, na wanavyuoni wametufundisha kwamba mtu hana ruhusa ya kujiondolea madhara kwa kuyamimina juu ya mwenzake. Nasi tulikuwa tumefanya hivyo hasa, kwa miezi kadhaa, huku tukijiona wema. Bibi alikuwa na haki yake, akaitoa sadaka kwa mtoto wetu, bila sisi kujua kwamba tunapokea sadaka.

Tulivyokosea mara tatu

Kosa la kwanza lilitokana na huruma. Kijana wetu, kwa haya aliyoyapata, aliizima mashine akaendelea kukata mbao kama zamani. Siku ya tatu mtoto akaanza kukohoa. Tukafahamu kwamba kuzima mashine hakukuondoa madhara, bali kuliyarudisha kutoka sikioni mwa Bibi hadi kifuani mwa mtoto.

Kosa la pili nusura liwe msiba. Kijana aliifunika mota kwa blanketi zito, akitumaini kuiziba mdomo. Kelele zilipungua kidogo, lakini baada ya robo saa tulisikia harufu ya kuungua. Mota hujipoza kwa hewa inayopita juu ya mwili wake, na ukiifunika, joto lake halina pa kwenda. Blanketi lenyewe lilikuwa limejaa unga wa mbao, ambao hushika moto upesi. Tunawasihi, msijaribu jambo hilo.

Kosa la tatu ni la trei za mayai. Tulishauriwa tuzigandishe ukutani, nasi tukakusanya trei za mtaa mzima. Hazikusaidia. Kitu chepesi chenye mashimo hupunguza kidogo mwangwi ndani ya chumba, lakini hakiizuii sauti kutoka nje. Kinachoizuia sauti ni uzito usio na mwanya. Anayetaka kuzuia sauti kwa trei za mayai ni kama anayetaka kuzuia mvua kwa chandarua.

Kelele ina njia zake

Hapo ndipo tulipoamua kuacha kubahatisha. Tuliomba ruhusa ya Bibi, tukaingia chumbani kwake, kijana akawasha mashine upande wetu. Sauti ya feni ilisikika dirishani kwa mbali, lakini ngurumo ilitoka ukutani. Tulipoweka kiganja juu ya ukuta tuliuona unatetemeka, na chaga za kitanda kilichobaki pale zilitetemeka nao. Mabano ya chuma yalikuwa yameugeuza ukuta wa Bibi kuwa ngozi ya ngoma, na mashine yetu ndiyo mkono unaoipiga.

Mashine ya kufyonza vumbi hutoa kelele kwa njia tatu, na kila njia ina dawa yake. Ya kwanza ni mtetemo unaopita katika vitu vigumu, kama ukuta, sakafu na mabano. Ya pili ni sauti inayopita hewani kutoka kwenye mwili wa mashine, yaani mlio wa mota na wa mapanga ya feni. Ya tatu ni hewa yenyewe, inayokimbia ndani ya bomba na kutoka kwa kishindo upande wa pili. Mtu akitibu njia moja akaziacha mbili, ataona amepoteza fedha zake bure.

Kelele hupimwa kwa desibeli, na hesabu yake si kama ya kilo za sukari. Mashine mbili zenye desibeli 80 kila moja hazifikishi 160, hufikisha 83 tu. Sauti ikishuka kwa desibeli 10, sikio huiona kana kwamba imepungua nusu. Mazungumzo ya kawaida yako karibu na desibeli 60. Kwa wafanyakazi, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inashauri kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8 za kazi, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda hukatwa nusu. Desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na 94 ni saa 1 tu. Programu za simu zinazopima kelele si sahihi kama vipimo vya maabara, lakini zinatosha kulinganisha hali ya kabla na ya baada, mradi simu iwe ile ile na mahali pawe pale pale. Simu yetu ilisoma 84 hatua moja kutoka kwenye mashine, na 61 chumbani kwa Bibi.

Kwanza, yasiyo na gharama

Tulianza kwa kuchomoa waya kwenye soketi na kuifungua mashine. Ndani ya feni tulikuta unga wa mbao uliochanganyika na utomvu umeganda upande mmoja wa mapanga. Feni iliyolemewa upande mmoja haizunguki sawasawa, nayo hutikisa mashine nzima kama gurudumu lililopinda. Tuliisafisha mpaka chuma kikaonekana. Bolti mbili zilikuwa zimelegea, tukazikaza. Beringi moja ilikuwa inalia kwa kukwaruza ilipozungushwa kwa mkono, tukaibadilisha. Kazi hiyo ilituchukua asubuhi moja, na mlio mkali uliokuwa ukituchoma masikio ulitoweka.

Kisha tukang'oa mabano ukutani. Mashine tuliishusha sakafuni na kuiweka juu ya vipande vya mpira. Mpira ulio mgumu kama tairi la lori hausaidii sana. Unaotakiwa ni ule unaobonyea kidogo kwa uzito wa mashine na kurudi. Sisi tulikata mikeka ya mpira ya gari kuukuu, tukapanga tabaka tatu chini ya kila mguu. Bomba nalo tuliliondoa kwenye misumari ya ukutani, tukalitundika kwa mikanda ya mpira, na mahali linapoungana na mashine tukaweka kipande kifupi cha bomba laini ili mtetemo usivuke.

Siku ile ile tulirudi kwa Bibi na kuweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa umenyamaza. Tulisikitika kuona kwamba sehemu kubwa ya adha aliyoivumilia kwa miezi ingeondolewa kwa spana na mikeka ya mpira, lau tungemwuliza mapema.

Kisha bomba na hewa

Vumbi la mbao huhitaji hewa iendayo kasi ya mita 20 hivi kwa sekunde ili lisitue na kuziba bomba. Katika bomba la inchi 4, kasi hiyo ni zaidi ya mita za ujazo 500 kwa saa. Hewa nyingi namna hiyo ikipita kwenye kona kali au kwenye bomba lenye mikunjo hupiga mluzi. Bomba la plastiki lenye mikunjo ni rahisi kulitumia, lakini linapiga kelele na linapunguza nguvu ya kufyonza. Tulilibakisha mita moja tu karibu na msumeno, kwingine kote tukaweka bomba laini ndani, lile la maji taka. Palipokuwa na kona moja ya mraba tuliweka kona mbili za nusu, ili hewa igeuke taratibu.

Kabla ya hewa kufika kwenye feni, tuliweka pipa lenye kifuniko ambamo hewa huzunguka na maranda makubwa yakaanguka chini. Faida yake ni mbili. Vipande vya mbao havigongi tena mapanga ya feni kwa mlio ule wa kokoto ndani ya kopo, na chujio halizibi upesi. Juu ya chujio tunaongeza neno moja. Mifuko ya bei nafuu hukamata maranda na kuupulizia nje unga laini, ambao ndio wenye madhara. Mfuko wa namna hiyo unaisafisha sakafu na kuichafua hewa. Tafuteni chujio linalokamata chembe za mikroni chache, na lipigwepige kuondoa unga mara kwa mara, nje, mtu akiwa amevaa barakoa.

Mwisho, nyumba ya mashine

Ilibaki sauti ya hewani. Kila umbali unapoongezeka mara mbili mahali pa wazi, sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi. Ndani ya ua wenye kuta hupungua kidogo kuliko hapo, kwa sababu kuta huirudisha. Tuliichagua kona inayotazama uchochoro, mbali na Bibi. Hata hivyo, kabla ya kuhama tulikwenda kwa jirani wa upande wa pili tukahakikisha kwamba kona ile haiko karibu na dirisha lake. Kumtua Bibi mzigo na kumtwika mwingine kusingekuwa suluhisho.

Katika kona hiyo tulijenga kibanda cha tofali za inchi 6, upana hatua moja na nusu, tukakipiga lipu ndani na nje. Wenzetu wa nchi nyingine hutengeneza makasha ya plaiwudi, na kwa anayekaa nyumba ya kupanga hiyo ndiyo njia inayomfaa, kwa kuwa kasha anaweza kuhama nalo. Lakini kwetu sisi tofali ni rahisi kupatikana, na uzito wake ni mkubwa zaidi, na uzito ndio unaozuia sauti. Mlango tuliufanya kwa mbao mbili za plaiwudi za milimita 18 zilizogandishwa pamoja, ukingoni tukazungushia mpira. Juu, chini ya bati, tuliweka plaiwudi, na kati yake pamba ya mawe, ile inayotumika kuzuia joto kwenye matanuri, kwa sababu haishiki moto. Msitumie sponji la godoro. Linashika moto haraka na moshi wake ni sumu.

Mwanya ni adui mkubwa. Tundu lenye ukubwa wa sehemu moja ya mia ya ukuta latosha kuufanya ukuta huo usizuie zaidi ya desibeli 20, hata ungekuwa wa zege. Tuliziba kila mahali bomba na waya zinapopita. Hapa sasa panatokea swali ambalo wengi hulisahau. Mashine inafyonza hewa na kuimwaga ndani ya kibanda, je, hewa hiyo itatokea wapi? Usipoiachia njia, nguvu ya kufyonza itakufa na mota itapata joto. Ukiiachia tundu la wazi, sauti nayo itatoka hapo hapo.

Jibu ni njia ya kupindapinda. Tulijenga ndani ya kibanda mfereji wa mraba wa sentimita 20 kwa 20, unaopinda mara tatu kabla ya kutoka nje, na kuta zake za ndani tukazitandika pamba ya mawe iliyofunikwa kwa wavu. Hewa hupinda bila taabu, ila sauti kila inapogonga kona humezwa sehemu yake. Mfereji ni mpana mara tano kuliko bomba, kwa hiyo hewa hutoka polepole, bila mluzi. Mkondo huo huo ndio unaoipoza mota. Siku ya kwanza tulifungua mlango kila robo saa na kuipapasa. Ilikuwa na joto la kawaida, bila harufu.

Waya zote zilifungwa na fundi umeme, na mashine imeunganishwa na ardhi. Pipa la maranda humwagwa kila jioni, na ndoo ya mchanga imewekwa mlangoni. Swichi tumeihamishia karibu na msumeno, ili kijana azime mashine anapopima au anapogandisha. Huiacha izunguke dakika moja tu baada ya kukata, imalize vumbi lililobaki hewani. Tumeshangaa kuona jinsi muda wa kukata ulivyo mfupi katika siku ya seremala.

Kilichobaki ni cha kukubaliana

Baada ya kazi hiyo yote, simu ilisoma 66 hatua moja nje ya kibanda, na 44 chumbani kwa Bibi. Kwa sikio lake, kelele imebaki chini ya theluthi ya ilivyokuwa. Mtoto anaendelea vizuri, alhamdulillah.

Lakini msumeno bado ni msumeno. Tumehakikisha meno yake ni makali wakati wote, kwa sababu msumeno butu hulia zaidi na kuunguza mbao, na kijana huvaa vifunika masikio kila anapokata. Hata hivyo sauti yake hatukuweza kuiondoa. Sehemu hiyo haikuwa ya ufundi, ilikuwa ya maneno. Tulimpelekea Bibi sahani ya bokoboko, tukamwomba yeye ndiye apange saa za kazi. Alikataa kwanza, akisema si mwenye nyumba. Tukasisitiza. Akapanga saa 3 asubuhi hadi saa 6 mchana, kisha baada ya sala ya alasiri hadi saa 11 na nusu jioni. Adhana ikisikika, swichi inazimwa. Ijumaa asubuhi hakuna kukata mbao, bali kupaka vanishi na kufunga bawaba.

Kelele pia zimo katika mambo yanayosimamiwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kwa hiyo jirani anayeudhiwa ana mlango wa kugonga serikalini. Lakini aliyekaa ukuta mmoja nasi hapaswi kwenda mbali hivyo ili apate usingizi wake. Na wala kimya chake kisitudanganye. Wapo majirani wasiosema kwa sababu wanatuogopa, wapo wasiosema kwa kuwa wanatuonea haya, na wapo kama Bibi, wasiosema kwa sababu wanatupenda.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwako kuna mashine yoyote, iwe ya vumbi, ya kusaga, ya kuvuta maji au jenereta, tunakuomba ufanye mambo mawili juma hili. Iwashe, kisha uende upande wa pili wa ukuta kwa idhini ya mwenyewe, na uweke kiganja chako pale. Halafu muulize jirani, si kama ana malalamiko, maana atasema hana, bali analala chumba gani.

Juzi tulimkuta Bibi kibarazani akisuka ukili. Kitanda chake kimerudi chumbani, kando ya ukuta ule ule. Tulimwuliza kama mashine inamsumbua. Akasema, "Jana nilisikia adhana ya alasiri ndiyo inaniamsha. Nikadhani leo mmefunga kazi."

Kijana wetu alikuwa amekata mbao za vitanda viwili asubuhi ile.